Upande wa Nyuma wa Daftari Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Leo binti yangu kaja karakana na mfuko wa madaftari kumi, jalada la buluu, kila moja na namba yake. Mimi nimepewa namba saba. Majina hayaandikwi, anasema ndio utaratibu wa utafiti wake wa shahada ya heshima, ili mtu awe huru. Mimi sina la kuficha, ningeandika mpaka jina la ukoo, lakini kama ni namba saba basi namba saba.

Kazi yenyewe: kwa wiki nane, kila siku ya kazi, tuandike tulichosikia redioni na tulichokifikiri. Redio iko juu ya rafu, pembeni ya meza ya kukatia, na ilikuwa pale nilipoanza kushona sare hapa, miaka kumi na tisa iliyopita. Nani angedhani chuo kikuu kingetaka kujua tunaisikilizaje? Wenzake darasani wamekwenda kuwahoji watangazaji wenye tai. Yeye kasema mtangazaji tunamjua, anayesikiliza ndiye hatumjui. Nikamtazama nikasema moyoni, kichwa hicho kimetoka tumboni mwangu.

Mama Vifungo, anayekaa cherehani ya pili kutoka yangu, akauliza, "Hiyo shahada ya heshima si ndiyo ile wanayopewa wakubwa bila kukanyaga darasani?"

"Mwanangu hapewi," nikamjibu. "Anaichuma."

Mbele ya daftari nimeandika ya redio kama nilivyoagizwa. Nikaligeuza, na huku nyuma naandika yangu. Nguo yoyote ina pande mbili. Na fundi humjui kwa mbele ya shati, ligeuze uone nyuzi zake.

Jumanne, 5 Machi

Masharti kayabandika ukutani karibu na kioo. Nimeyashika kwa moyo kwa sababu kila nikifunga kilemba nayasoma. Shahada ya kawaida ya masomo ya habari unaipata kwa kufaulu tu. Ya heshima ni mlima mwingine. Wastani wa miaka mitatu usishuke chini ya sabini. Wake ni sabini na nane. Watu nimewaambia themanini, maana inaelekea huko. Somo la sheria na maadili ya habari uwe umelifaulu mara ya kwanza, si kwa kurudia. Utafiti wako mwenyewe, washiriki wasiopungua kumi, wiki zisizopungua nane. Kisha uutetee mbele ya jopo la watu watatu. Na la mwisho, kalipigia mstari: faili lako liwe safi, pasiwe na udanganyifu wa aina yoyote.

"Hilo la mwisho la nini?" nikamuuliza.

"La wote, Mama."

"Wewe wanakujua."

"Hawanijui. Ndiyo maana wameliandika."

Jumatano, 6 Machi

Kipindi cha afya: figo. Nimekunywa maji bilauri nne na cherehani imesimama mara nne.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechaguliwa kukusanya madaftari kila Ijumaa na kuyagawa Jumatatu. Nayaweka kwenye kopo la biskuti chini ya meza yangu. Hakuna aliyepinga. Nani apinge? Mama wa mtafiti ni mimi.

Wote wanaandika vizuri. Wa kunitia wasiwasi ni mmoja tu, namba nne, Bi Pasi. Huyu kazi yake ni kunyoosha sare kwa pasi ya mvuke, yuko peke yake nyuma ya kiambaza cha mbao. Tumefanya naye kazi miaka sita na sijui anapenda nini. Tukicheka kwa jambo la redioni, yeye hucheka mwisho, sisi tumeshanyamaza, kama mtu anayetuonyesha kwamba kicheko chetu ni cha rahisi. Anajivuna kwa kitu gani, sijui. Mvuke?

Jumatatu, 18 Machi

Mvua imeanza. Juu ya bati ni kama watu wanamwaga kokoto. Tumeongeza sauti ya redio mpaka mwisho.

Fundi Mkuu kauliza mwanangu akishapata shahada atafanya kazi gani. Nikamwambia kwanza atapata daraja la kwanza, halafu kazi itamfuata yenyewe. Kasema, "Haya mama, usisahau kushona." Ana wivu, mzee yule, lakini wa kistaarabu.

Jumatano, 27 Machi

Mwanangu kaja na msimamizi wake. Wanamwita Daktari, ingawa hatibu mtu. Mwanamke mkavu, viatu vya chini, anatembea akitazama dari na soketi kama mkaguzi wa mabomba. Nilimfutia kiti, hakukaa.

"Madaftari anakusanya nani?" akauliza.

"Mimi, Daktari. Mama yake mzazi."

Akamgeukia mwanangu. "Uliandika kwenye fomu kwamba mama yako ni mshiriki. Hukuandika kwamba ndiye mwenye kopo."

"Ninamwamini, Daktari."

"Sijasema humwamini."

Mwanangu akapita meza kwa meza kuwakumbusha watu. Alisema, andikeni mlichosikia kwa masikio yenu, si mlichosimuliwa na jirani. Kama hukusikia, acha. Alikwenda mpaka nyuma ya kiambaza kumwambia Bi Pasi hivyo hivyo. Daktari alisimama pale muda mrefu, sijui alikuwa anakagua nini.

Mtu anakuja kwenye kazi ya watu anakataa hata kiti.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Kola arobaini.

Alhamisi, 11 Aprili

Umeme umekatika tangu asubuhi. Redio bubu. Tumeshonea cherehani za miguu tu.

Ijumaa, 12 Aprili

Bati limevuja juu ya meza yangu na maji yameingia kwenye kopo. Nikatoa madaftari yote niyafute. Najua sikupaswa kufungua la mtu, lakini ukurasa ulioloa utaukaushaje bila kuufungua?

Namba nne ni tupu. Tangu tarehe 28 Machi hakuna herufi. Ameandika tarehe kila siku, kwa mwandiko wake ule mwembamba, na chini yake hakuna kitu.

Wako kumi. Masharti yanasema wasipungue kumi. Nimehesabu tena kana kwamba huenda kuna wa kumi na moja aliyejificha.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilimfuata Bi Pasi kwenye mvuke wake.

"Daftari lako halina kitu, dada."

"Sina la kuandika."

"Wiki mbili nzima?"

"Nikiwa nalo nitaandika." Akashusha pasi juu ya sketi, mvuke ukapanda kati yetu, basi mazungumzo yakaishia hapo.

Nikamwachia daftari mezani. Saa sita nikaliona limerudi kwenye kopo. Mtoto wa mwenzake yuko ukingoni, yeye hata kunyoosha mkono hataki.

Jumanne, 16 Aprili

Nimefanya. Wenzangu walipotoka kwenda kula nilibaki, nikasema nina suruali ya haraka. Siku kumi na tatu nimezijaza kwa kalamu nyingine. Nimebana herufi ziwe nyembamba kama zake. Niliandika ya kawaida: habari za barabara, kipindi cha afya, tamthilia ya Jumanne na Alhamisi ya yule nesi aliyeficha barua. Hakuna uongo humo, hayo yote redio iliyasema. Mshono ukifumuka mahali pasipoonekana, fundi mzuri hutia nyuzi mbili tatu na shati likaendelea kuvaliwa. Hayupo aliyewahi kufa kwa nyuzi mbili.

Zilizobaki nitazijaza Ijumaa kwa Ijumaa.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nimeungua kidole kwa pasi ndogo. Si kitu.

Ijumaa, 26 Aprili

Wiki nane zimetimia. Mwanangu kachukua kopo (langu nitampa nyumbani nikishaandika haya), kanikumbatia mbele ya watu wote, akinukia mvua. "Kumi kamili, Mama. Bila wewe nisingefika." Nikawatazama wenzangu nione kama wamesikia. Wamesikia.

Jumatatu, 29 Aprili

Kurasa za mbele za kila daftari amezipiga picha, langu hata hakuligeuza nyuma, na madaftari kayarudisha kwa wenyewe. Anasema ndio utaratibu, aliyeandika ndiye mwenye mali. Hilo sikulijua.

Bi Pasi kalifungua lake akiwa amesimama. Kafunua kurasa moja moja kama anayekagua pindo. Kalifunga. Akarudi kwenye pasi, na kutwa nzima nimesikia ule mvuke kuliko redio.

Jumanne, 7 Mei

Mwanangu karudi mapema, kaketi kitandani kwake na koti limelowa, hakulivua. Nikadhani mgonjwa. Ikawa si ugonjwa.

Daktari amelinganisha madaftari kumi siku kwa siku. Tarehe 11 Aprili, tisa yameandika umeme ulikatika na redio haikusema kitu. Namba nne limeandika kwamba tamthilia siku hiyo ilinoga, hasa pale nesi alipoulizwa kuhusu barua. Daktari kamwita ofisini, kafunga mlango, kamuuliza kama amemtunga mshiriki wa kumi ili atimize hesabu.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia namba nne yupo, ana mikono na macho. Akasema mtu yupo, ila siku ile haipo." Akavua kiatu kimoja akakishika. "Nimepewa mpaka tarehe 15 nieleze kwa maandishi. Nisipoeleza, jopo la tarehe 20 halinisikilizi. Itaandikwa kughushi. Sitapewa hata ile ya kawaida mpaka kamati ikae."

"Labda amekosea siku," nikasema.

"Ndivyo nilivyosema mimi. Lakini tamthilia ya siku hiyo haikusikika karakana kwa mtu yeyote, Mama. Aliichanganya na siku gani?"

Nilikwenda kumtafutia taulo. Lilikuwa pale pale mlangoni na mimi nikalitafuta muda mrefu.

Jumatano, 8 Mei

Nimeshona mifuko mitatu kwa upande usio wake. Nimefumua.

Alhamisi, 9 Mei

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili hili. Tarehe 11 Aprili: umeme umekatika tangu asubuhi, redio bubu. Mkono ni wangu. Siku tano baadaye mkono huo huo ukaandika tamthilia ilinoga. Nilijaza siku kumi na tatu kwa pumzi moja na sikufungua langu nilinganishe. Fundi anayekata bila kupima.

Mvua imepungua, sasa ni manyunyu tu, na ndiyo mabaya zaidi kwa sababu mtu anajisikia akiwaza.

Ijumaa, 10 Mei

Bi Pasi kanijia mwenyewe wakati wa chai. Kakaa kwenye kiti cha Mama Vifungo, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu," akasema.

Nikaona nyuzi zote za nguo yangu ziko nje.

"Nimesikia binti yako ana matatizo. Nikiulizwa nitasema niliandika mimi. Nitasema nilichanganya siku. Mwanamke wa pasi atachukuliwa hatua gani?"

"Kwa nini hukuandika?" nikamuuliza. Hata asante sikutoa.

"Dada, ule mtambo wa mvuke unavuma tangu asubuhi. Na mimi niko nyuma ya mbao. Miaka sita sijasikia sentensi nzima ya redio hiyo. Mkicheka, nacheka. Wiki tatu za mwanzo niliandika mlivyonisimulia hapa kwenye chai. Halafu mwanao akaja akasema, andika ulichosikia wewe, kama hukusikia acha." Akachukua kikombe chake. "Nikaacha. Nilijua ndicho alichotaka."

Miaka sita nimesema anajivuna. Mwenzetu alikuwa anatusubiri tucheke ajue pa kucheka.

Na pamoja na hayo, ukweli niuandike maana huku ndiko nyuma ya nguo: nilitaka kukubali. Nilitembea mpaka nyumbani nikipanga maneno ambayo angeyasema.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemwambia. Alikuwa anasuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo, macho kwenye yale masharti ukutani.

Niliweka daftari hili juu ya meza nikasema, "Namba nne nilimjaza mimi."

Mikono yake ilibaki kichwani. "Siku ngapi?"

"Zote. Tangu 28 Machi."

"Na yeye alijua?"

"Hakujua. Alinikuta nimeshafanya. Yeye hakusikia redio, mwanangu. Pale nyuma ya kiambaza hakusikiki kitu. Aliacha kwa sababu wewe ulisema."

Akakaa. Nilingoja anifokee, ningejua la kufanya, nimeshafokewa na mama yangu na mafundi wakuu wawili. Hakufoka.

"Ungeniachia tisa, Mama. Tisa wa kweli ningeombea ruhusa." Kisha, kwa sauti ya chini kama anajisemea, "Na hata hawakuwa tisa. Walikuwa kumi. Ukurasa mtupu ni jibu. Ndilo jibu nililokuwa nalitafuta, na wewe ukalijaza."

"Nilitaka usianguke."

"Najua. Ulitaka watu wasinione nikianguka."

Kaendelea kusuka. Upande mmoja umetoka umepinda na hakuufumua. Baba yake angekuwa hai angepata la kusema, alikuwa na maneno machache yaliyokaa mahali pake. Mimi yangu ni mengi na leo hakuna hata moja lililokaa.

Jumapili, 12 Mei

Amejifungia chumbani. Si kwa kununa. Anaandika tu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeomba ruhusa kwa Fundi Mkuu, nimekwenda chuoni na daftari kifuani chini ya koti. Mwanangu sikumwambia.

Ofisi ya Daktari ni ndogo kuliko chumba chetu cha vitambaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, akaniambia nikae, na mimi nikakaa, si kama yeye. Akaomba daftari. Nikaligeuza nikampa upande wa nyuma.

Alisoma mbele yangu, ukurasa baada ya ukurasa. Sijawahi kukaa muda mrefu hivyo bila kusema. Akafika mahali akainua macho.

"Hapa umeniita mkaguzi wa mabomba."

"Ndiyo, Daktari."

"Baba yangu alikuwa fundi bomba."

"Basi umemfuata," nikasema, na nikatamani ardhi ipasuke. Lakini naona mdomo wake ulisogea kidogo.

Alipomaliza aliliweka juu ya meza, kiganja juu yake. "Siku ile nilisimama nyuma ya kiambaza, nikajiuliza mwanamke huyu anasikia nini. Nilingoja binti yako agundue mwenyewe. Halafu madaftari yakaja, namba nne anasikia kila kitu, hata siku isiyo na umeme." Akanitazama. "Hii inamwondolea kosa la kughushi. Haimwondolei kosa la kukupa kopo. Hilo ni lake."

"Atapata ya heshima?"

"Sijui, mama. Jopo ni watu watatu. Lakini kama atatetea, ushahidi lazima uambatanishwe nyuma ya kazi yake. Daftari hili lote, mbele na nyuma. Watalisoma, na nakala itabaki maktaba."

"Lote? Na ile ya wastani wa themanini?"

"Ukichagua kurasa, tutarudi pale tulipoanzia."

Nikafikiria watoto wa watu maktaba wakisoma jinsi nilivyomsema Bi Pasi. Nikafikiria Fundi Mkuu na wivu wake wa kistaarabu. Nikasema chukua.

Walilinakili kwenye mashine pale pale, wakanirudishia. Nilipofika nyumbani nilimkuta mlangoni. Daktari alikuwa ameshampigia simu. Kanipokea koti. Hilo tu, kanipokea koti, kalitundika.

Jumatano, 15 Mei

Maelezo yamepelekwa. Bi Pasi ameandika ukurasa mzima kwa ule mwandiko wake mwembamba na kuweka sahihi: kurasa tupu zilikuwa zangu, niliziacha kwa makusudi. Mwanangu alikaa naye nyuma ya kiambaza saa nzima, mtambo ukivuma, wakisemezana mdomo kwa sikio. Anaandika sura mpya. Sijauliza inasemaje.

Mvua haikunyesha leo.

Jumatatu, 20 Mei

Jopo lilikuwa saa nne. Mimi niliruhusiwa kukaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango. Mlango ni wa mbao nene. Nilisikia kiti kikiburuzwa. Nilisikia sauti ya mwanaume ikiuliza kitu kirefu, na sauti ya mwanangu, najua ni yake, lakini hakuna neno hata moja lililopita. Walicheka mara moja humo ndani. Na mimi peke yangu kwenye benchi nikacheka, baada yao, sijui kwa nini walicheka.

Hapo ndipo nilipomwelewa Bi Pasi, miaka sita kwa pigo moja.

Saa sita kasoro akatoka. Ule msuko uliopinda ulikuwa bado umepinda. Akakaa pembeni yangu, akaegemeza kichwa begani kwangu kama alivyokuwa akifanya nikimshonea sare yake ya kwanza.

"Wawili walikubali, mmoja alikataa," akasema. "Nimepata ya heshima."

"La kwanza?"

"La pili, Mama. Wamenikata alama kwa ajili ya kopo. Wamesema mtafiti hampi ndugu yake ushahidi autunze, hata akiwa mwaminifu namna gani."

Nilitafuta la kusema juu ya huyo mmoja aliyekataa. Nilikuwa nalo, tena zuri. Nikalimeza.

"Na sura mpya?"

"Ndiyo iliyowavuta. Inahusu mtu anayesikiliza redio kupitia vicheko vya wenzake. Daktari aliisoma sehemu yake kwa sauti."

"Ndipo mlipocheka?"

"Hapana." Akatabasamu. "Tulicheka mahali pa mkaguzi wa mabomba."

Jumanne, 21 Mei

Jua. Sakafu ya karakana imekauka kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Hata kifuniko cha cherehani sijatoa, Mama Vifungo kaanza, "Haya, tueleze, la kwanza au si la kwanza?" Fundi Mkuu kapunguza redio. Wote wakanigeukia wakisubiri hotuba, maana wananijua. Nikawaambia subirini kidogo.

Nikazunguka kiambaza. Bi Pasi alikuwa na rundo la mashati meupe, mtambo ukinguruma. Aliniona midomo ikisogea, akatikisa kichwa kwamba hasikii, akataka kuuzima. Nikamwambia kwa mkono usizime. Nikasogea mpaka mvuke ukanilowanisha shavu, nikaweka mdomo karibu na sikio lake, na yeye wa kwanza katika karakana nzima nikamweleza yote tangu mwanzo, wawili kwa mmoja, daraja la pili, alama zilizokatwa na sababu ya kukatwa, bila kutia chumvi.

Labda chembe moja.